Kamati ya zahanati ni akina nani?

Nilikwenda Kilangali kwa ajili ya mpunga, nikarudi na zahanati kichwani.

Mhariri alinituma nikaandike habari ya wakulima na mbegu. Kwa ambaye hajafika, Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa jimbo la Mikumi, mkoani Morogoro. Wanaoijua wanaijua kwa mpunga na kwa shamba la mbegu la serikali, ambalo liko chini ya Wakala wa Mbegu za Kilimo. Kazi iliyonipeleka niliimaliza mapema, nikakaa chini ya mwembe na vijana waliokuwa wanabishana habari za Simba na Yanga. Pembeni kulikuwa na bibi mmoja anachambua mboga, katulia kimya. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiyo bibi."

"Basi niulizie. Wanasema zahanati ina kamati. Mimi nakwenda pale miaka yote, sijaiona. Ni akina nani hao?"

Vijana wakacheka. Kisha wakaanza kujibu, na ndipo kicheko kikaisha. Mmoja akataja jina, mwenzake akamwambia huyo alishahama. Mwingine akasema kamati ni mwenyekiti wa kijiji basi. Wa tatu akasema kamati ilikufa. Hawa ndio dakika tano zilizopita walikuwa wamenipangia kikosi kizima cha Yanga, pamoja na wa benchi.

Kijiji sikitaji, maana si ugonjwa wa kijiji kimoja. Niliporudi Dar nikawauliza wenzangu ofisini, watu wa digrii zao: kituo cha afya cha mtaani kwako kina kamati, mjumbe wake hata mmoja unamjua? Hakuna aliyejua. Na mimi simjui.

Nikaona nichimbe. Tumefikaje mahali ambapo kitu kinachotutibu sisi na watoto wetu kina wasimamizi waliotoka miongoni mwetu, kwa mujibu wa taratibu, lakini hatuwajui? Nilichokikuta ni historia ya karibu miaka mia. Naileta kwa kifupi.

Kwanza tuelewane: daktari wetu ni nani?

Kule Uingereza kila mtu anaandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake, wanamwita GP. Ukiumwa unaanza kwake, yeye ndiye anayekupeleka hospitali. Sisi hatuna huyo daktari. Tuna zahanati. Mtu wa Kilangali akiumwa anaanza zahanati, na anayemkuta pale mara nyingi ni tabibu au muuguzi, siyo daktari mwenye digrii. Ikishindikana, kituo cha afya. Ikishindikana tena, hospitali: ya wilaya iko Kilosa mjini, Mikumi kuna Mtakatifu Kizito ya Wakatoliki, na kaskazini huko Berega kuna ya Waanglikana.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama Mtanzania wa kijijini anapata huduma, usianze na Muhimbili. Anza na mlango wa zahanati. Umefunguliwa? Kuna mtu ndani? Kuna dawa? Na kama jibu ni hapana, nani ana haki ya kuuliza kwa nini?

Swali hilo la mwisho ndilo la bibi. Lina umri mkubwa kuliko bibi mwenyewe.

Dresa wa jumbe

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya watawala wa wenyeji. Mwingereza hakutaka kutawala kila kijiji mwenyewe, ni gharama. Akawapa machifu na majumbe mahakama zao na hazina zao, wakusanye kodi, sehemu ibaki kwao. Wakati huo huo idara ya tiba, chini ya Dk. John Shircore, ilikuwa inatafuta namna ya kufika vijijini bila kutumia fedha nyingi. Jibu likawa dresa.

Dresa alikuwa kijana wa hapo hapo. Anapelekwa hospitali ya serikali, anafundishwa kusafisha vidonda, kutoa dawa chache, kuandika kwenye daftari, kisha anarudishwa kwao kwenye kibanda kilichoitwa zahanati. Sindano ya buba ilikuwa imeshawafanya watu waiamini tiba ya Kizungu, maana vidonda vya buba vilikuwa vinapona mtu anaona kwa macho. Kwa hiyo wateja walikuwepo.

Sasa tazama mpangilio. Mshahara wa dresa unatoka hazina ya mtawala wa wenyeji, yaani kwenye kodi ya mkulima. Anayemkagua dresa ni daktari wa serikali, Mzungu, anayepita mara chache. Anayemsimamia pale kijijini ni jumbe, ambaye hakuchaguliwa na mkulima. Mkulima analipa, lakini hamuulizi mtu. Huo ndio msingi tuliojengewa nyumba: mlipaji siye muulizaji.

Miaka ya 1950 kidogo upepo ukageuka. Sheria ya serikali za mitaa ya 1953 ikafungua njia ya halmashauri, na baada ya uhuru machifu wakaondolewa madaraka mwaka 1963, halmashauri za wilaya zikashika usukani. Zilikuwa na madiwani wa kuchaguliwa. Zilisimamia shule za msingi, barabara ndogo na zahanati, kwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao.

Kodi ya kichwa hakuna aliyeipenda. Wazee wetu walilala porini kuwakwepa wakusanyaji. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau: ilimpa mtu mdomo. Diwani akija kuomba kura, unamwambia kodi yangu mmekula, zahanati haina dawa. Mwaka 1969 serikali kuu ikaifuta kodi hiyo pamoja na ushuru wa mazao. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Ila halmashauri zikabaki mikono mitupu, na kazi zao zikaanza kuhamia wizarani.

Mwaka ambao zahanati ziliongezeka na waulizaji wakapungua

Hapa ndipo penye kitendawili kikubwa cha historia yetu ya afya.

Mwaka 1971 TANU iliamua afya, maji na elimu vijijini viwe mbele. Haikuwa maneno matupu. Zahanati zilizokuwa takriban 1,500 mwaka 1972 zilifika kama 2,600 mwaka 1980. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kwa mamilioni walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakachimba vyoo. Waliokuwa watoto wakati huo bado wanaikumbuka. Nchi maskini chache ziliweza kufanya hivyo kwa kasi ile. Wakubwa wa dunia walipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumzia afya ya msingi, Tanzania ilikuwa imeshaanza.

Lakini katika miaka hiyo hiyo, 1972, tulizifuta halmashauri za wilaya.

Sera iliitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu. Ushauri wa kitaalamu ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Hoja ilikuwa kwamba halmashauri ni dhaifu, hazina wataalamu, hazina fedha, basi tupeleke wataalamu kutoka serikali kuu wakae mkoani na wilayani. Wakaja wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, wote watumishi wa serikali kuu. Kilichoshushwa mikoani ni maofisa. Diwani mwenye meno hakuwepo tena. Wananchi walikuwa na kamati, ndiyo, lakini za kushauri.

Ukiwa Kilosa mwaka 1975, zahanati mpya inajengwa, operesheni ya vijiji inakusogeza karibu na barabara, mganga analetwa, matibabu bure. Dawa zikiisha unamuuliza nani? Mganga anamwangalia mkuu wake wa wilaya, mkuu wa wilaya anaangalia mkoa, mkoa unaangalia Dar. Wewe unamwangalia mganga. Na ukiuliza sana, kuna hatari ya kuambiwa unapinga maendeleo.

Sisemi Mwalimu alikuwa na nia mbaya. Nasema tulijenga nyumba tukasahau mlango wa mwenye nyumba. Na sisemi mimi peke yangu. Mwaka 1977 kipindupindu kililipuka nchini. Miji ilikuwa imeoza, taka hazizolewi, mitaro imeziba, na hakuna baraza la mji la kulaumiwa. Mwaka ulifuata, 1978, mabaraza ya miji yakarudishwa kwa sheria ya muda, na kipindupindu ni moja ya sababu zinazotajwa. Sheria za serikali za mitaa zikapitishwa 1982, halmashauri za wilaya zikaanza tena 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alihojiwa na jarida la Third World Quarterly. Akakiri kwamba kama angeanza upya kuna mambo mawili asingeyafanya: kuzifuta serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika.

Viongozi wetu wangapi wamewahi kukiri hivyo wakiwa bado Ikulu?

Boksi kutoka mbali

Halmashauri zilirudi wakati mbaya. Nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni hakuna, sabuni tu ni ya foleni. Zahanati nyingi zilibaki kuta na bango.

Kilichoziokoa ni maboksi. Kuanzia 1984, kwa fedha za Denmark na kwa kushirikiana na UNICEF, mpango wa dawa muhimu ulianza kupeleka boksi la dawa kwa kila zahanati na kila kituo cha afya. Boksi lilikuwa limefungwa tayari, dawa zile zile kwa kila zahanati ya nchi. Kama kwenu malaria ni nyingi na kwingine ni kidogo, boksi halijui. Lakini lilifika, na lilipofika mtoto alipata dawa. Tuliseme hilo kwa heshima. Kilosa kwenyewe kulikuwa na mgeni mwingine, serikali ya Ireland, ambayo kwa miaka mingi ya 1980 na 1990 ilifadhili maendeleo ya wilaya hiyo pamoja na Ulanga na Kilombero.

Tatizo la mfadhili si ubaya wake. Ni kwamba mwenye fedha ndiye anayeandikiwa ripoti. Halmashauri ya Kilosa ilijifunza kujieleza Dublin na Copenhagen kabla haijajifunza kujieleza kwa watu wa Kilangali. Ni dresa yule yule wa 1926, safari hii aliyegeuka ni mlipaji.

Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, maarufu kama cost sharing, ukianzia hospitali kubwa. Bure ikafa taratibu. Hapo swali la bibi likarudi kwa nguvu mpya: haya, sasa nalipa kwa mkono wangu mwenyewe dirishani. Je, naweza kuuliza?

Tele kwa tele

Jibu la kwanza lilitoka Igunga, Tabora, mwaka 1996. Kulianzishwa majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya inalipa shilingi 5,000 kwa mwaka, inatibiwa mwaka mzima, na serikali inaongeza kiasi kile kile kilichochangwa. Watu wakaiita tele kwa tele. Mwaka 2001 Bunge likapitisha sheria ya mfuko huo kwa nchi nzima. Na hapo ndipo walipozaliwa wale watu ambao vijana wa Kilangali walishindwa kuwataja: Bodi ya Afya ya Halmashauri juu, na kamati ya kituo chini, kwenye kila hospitali, kituo cha afya na zahanati.

Kwenye karatasi ni kitu kizuri sana. Wajumbe wanatoka kwa wananchi wenyewe, pamoja na wawakilishi wa watumishi, wa serikali ya kijiji na wa hospitali za dini na binafsi. Wanajadili mpango na bajeti. Wanashuhudia dawa zikipokelewa. Wanasikiliza malalamiko.

Ila soma vizuri. Katibu wa bodi ni mganga mkuu wa wilaya. Katibu wa kamati ni mganga wa zahanati. Yaani anayesimamiwa ndiye anayeitisha kikao, ndiye anayeandika muhtasari, na ndiye anayeuweka kabatini. Mjumbe ni mkulima, anakwenda kikaoni bila posho ya maana, anaambiwa bajeti kwa lugha ya wizara. Atauliza nini? Akiuliza kwa ukali, kesho mwanawe akipandwa na homa atampeleka kwa nani kama si kwa huyo huyo katibu?

Lakini tusiseme haiwezekani. Jirani kabisa na Kilosa, Morogoro Vijijini, pamoja na Rufiji, kuanzia 1997 kulikuwa na mradi ulioitwa TEHIP, wa Wizara ya Afya na Wakanada. Walichofanya ni rahisi kukielezea. Waliwapa wakuu wa afya wa wilaya nyongeza ndogo ya fedha na uhuru wa kuipanga, halafu wakawapa picha: watu wa wilaya yenu wanakufa kwa nini, na fedha zenu mnazipeleka wapi. Vitu viwili hivyo vilikuwa havifanani. Malaria ilikuwa inaua sana, bajeti yake kidogo. Wakarekebisha. Wananchi nao wakashika majembe kukarabati zahanati zao. Ndani ya kama miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Fedha peke yake zisingetosha. Fedha pamoja na karatasi inayosomeka ndizo zilizofanya kazi. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Wageni wakiona kabla yetu

Mei 2009 gazeti la New York Times lilichapisha makala ndefu ya mwandishi wake Denise Grady kutoka Berega. Ndiyo, Berega hii hii ya Kilosa. Iliwahusu akina mama wanaokufa kwa uzazi na watumishi wachache wanaojitahidi kuwaokoa, wengi wao wakiwa si madaktari kamili, wakifanya upasuaji kwa vifaa haba. Dunia ikasoma.

Mimi kama mwandishi naona aibu kidogo. Kilosa iko mkoa mmoja tu kutoka Dar. Treni imepita hapo tangu enzi za Mjerumani. Lakini habari ya wilaya yetu ilibidi ipitie New York ndipo iwe habari. Na hospitali ile ilikuwa inajitahidi, si ya kulaumiwa. Swali ni la kwetu: bodi, kamati, madiwani, na sisi wa magazeti tulikuwa tunatazama wapi?

Kabla hujasema haya ni matatizo ya nchi maskini, twende Uingereza kwa dakika moja. Mwaka 1974 walianzisha mabaraza ya afya ya jamii, raia wa kawaida wa kuzisemea hospitali za kwao. Mwaka 2003 wakayafuta England, wakaweka vyombo vingine, wakavifuta, wakaweka vingine tena. Katikati ya kubadilisha vyombo hivyo, katika hospitali ya mji wa Stafford, kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliteseka vibaya, wengine wakakosa hata maji ya kunywa na mtu wa kuwasafisha. Hospitali hiyo ilikuwa inapata sifa. Mwaka 2008 ilipandishwa hadhi. Ripoti ya uchunguzi ya Robert Francis ya 2013 ilisema wazi kwamba kamati za madiwani zilizotakiwa kuisimamia hazikuiona hatari, na madaktari wa familia wa eneo lile hawakupaza sauti mpaka uchunguzi ulipotangazwa. Walioiona ni ndugu wa wagonjwa. Julie Bailey, aliyefiwa na mama yake pale, alianzisha kundi la kupiga kelele mpaka serikali ikasikia.

Vyombo walikuwa navyo. Vikao vilikaa. Posho walipewa. Nchi tajiri, karatasi kila mahali, na bado. Kwa hiyo kuwa na kamati si kuwa na usimamizi. Msimamizi ni yule mwenye habari mkononi na asiyeogopa.

Nyota, akaunti na mwendo wa kurudi juu

Turudi nyumbani, maana miaka kumi iliyopita yametokea mambo mawili makubwa ambayo wengi wetu mjini hatukuyatilia maanani.

La kwanza ni nyota. Mwaka 2015 na 2016 serikali ilivikagua vituo vya huduma ya msingi karibu 7,000 na kuvipa nyota kama hoteli. Theluthi moja hivi havikupata hata nyota moja. Vilivyofika nyota tatu vilikuwa vichache mno. Serikali kujipa alama za namna hiyo hadharani ni ujasiri, na awamu iliyofuata alama zilipanda. Nawapa hongera.

La pili ni akaunti. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili, zilizokuwa zikipitia akaunti ya halmashauri, zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Zahanati ya kijijini ikawa na akaunti, mpango wake na hesabu zake, na kamati ndiyo inayotakiwa kuupitisha mpango huo. Morogoro tayari tangu 2016 ilikuwa imeingia kwenye mfumo wa Jazia, ambao zahanati ikikosa dawa Bohari Kuu inanunua kwa mshitiri aliyeteuliwa kwa mkoa.

Unaona ukubwa wa jambo hili? Tangu dresa wa 1926, hii ni moja ya mara chache fedha zimefika kwenye mlango wa zahanati zikiwa bado zinaitwa fedha. Hazikuja kama boksi wala kama ahadi. Mwenye kuuliza ana kitu cha kuuliza.

Lakini mwendo wa kurudi juu nao umeanza. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kuanzia 2018, ulihamisha kapu kutoka wilayani kwenda mkoani, kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mimi naiunga mkono. Kapu kubwa linabeba mgonjwa mzito, kapu la kijiji kimoja haliwezi. Lakini historia imetuonyesha mara mbili, 1969 na 1972, kwamba fedha zikipanda juu kwa nia njema, swali la mwananchi hubaki chini bila wa kulijibu. Bima ikilipa na zahanati bado haina dawa, utamuuliza nani? Tusipolijibu hilo sasa, tutalijibu baada ya miaka 12, kama Mwalimu.

Jimbo la Mikumi lina utani wake wa kihistoria hapa. Kati ya 2015 na 2020 mbunge wake alikuwa Joseph Haule, Profesa Jay. Ndiye yule wa "Ndio Mzee", wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu na umati unaitikia. Kizazi chetu kimeuimba wote. Tukacheka, tukajiona wajanja. Halafu tukakua, tukapata kazi, tukaenda zahanati, tukaambiwa dawa imeisha kanunue duka la mbele. Tukaitikia ndio mzee.

Jibu la bibi

Nilimwahidi bibi nitamuulizia, na deni ni deni.

Kamati ya zahanati yako ni watu wa kijiji chako, bibi. Majina yao hayatakiwi kuwa siri. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na pale una haki ya kusimama na kuuliza: wajumbe wa kamati wasimame tuwaone. Zahanati imepokea shilingi ngapi? Dawa zilizokuja ni zipi? Na kama wanasema hawajui, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Wewe huandiki, lakini mjukuu anaandika.

Na hapo ndipo ninapokugeukia wewe unayesoma. Wewe si bibi wa Kilangali. Umesoma, unajua bajeti ni nini, una simu mfukoni na kijiji ulikozaliwa. Una mama kule. Yule mjumbe wa kamati asiyejua kusoma lugha ya wizara anakuhitaji wewe kuliko anavyomhitaji mbunge. Mara ya mwisho ulipokwenda kwenu ulipeleka sukari na kanga. Safari ijayo nenda mpaka zahanati, uliza kamati ni akina nani, omba kuona mpango wa mwaka, kaa na mjumbe mmoja umsomee ukurasa kwa ukurasa. Haichukui hata mchana mzima.

Mimi nimeanza na mtaa wangu. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye kituo cha afya ninachotibiwa, jina naliacha, nikauliza. Nikaulizwa: "Wewe ni nani?"

Nikasema, mgonjwa.

Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akaenda kutafuta daftari. Limechukua siku tatu kupatikana, lakini limepatikana. Kamati ina watu, majina nimeyaandika. Mmoja wao anauza chipsi hatua chache kutoka ninapoishi. Nimekula chipsi zake miaka miwili bila kujua kwamba ndiye anayetakiwa kuniulizia dawa.

Jana nimempigia simu kijana mmoja wa pale chini ya mwembe. Nimemwomba amwambie bibi mkutano wa kijiji ukifika akae mbele.